Wasomaji Wanauliza: Maji Matamu Juu ya Maji ya Chumvi

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi kaya za visiwa vya matumbawe katika bahari ya Pasifiki, hasa Tuvalu, Kiribati na Visiwa vya Marshall, zinavyopata maji mahali pasipo na mto wala kijito. Barua zimekuja nyingi. Hizi hapa zilizogusa mambo ambayo hatukuyamaliza.

*Assalaam aleikum. Mmeandika kwamba huko Tarawa, Kiribati, watu huchimba kisima karibu na bahari wakapata maji ya kunywa. Kwetu Lamu maji ya Shela ni matamu, lakini Shela kuna vilima vya mchanga. Kisiwa ambacho hakifiki hata mita tatu juu ya bahari kinahifadhi vipi maji? Na kwa nini wasichimbe chini zaidi wapate mengi?* — Msomaji, Lamu

Wa aleikum salaam. Kanuni ni ileile ya Shela. Mvua ikizama mchangani haimwagiki yote baharini papo hapo. Hushuka mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyojaa chini ya kisiwa, kisha huelea juu yake, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi na ya mvua ina kilo 1. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowaweka watu hai. Kwa hesabu ya nadharia, kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba sentimita 40 hivi chini ya usawa huo. Ni kama gogo la mnazi mbichi linaloelea: unachokiona juu ni kidogo, kilichozama ndicho kikubwa.

Kwenye atoli, yaani pete ya visiwa vyembamba inayozunguka ziwa la bahari, hesabu hiyo haitimii yote. Maji yakijaa na kupwa huchanganya matamu na ya chumvi, kwa hiyo hakuna mpaka safi kati yake ila ukanda mpana wa maji ya chumvichumvi. Isitoshe, kwenye kina cha mita 10 hadi 20 hivi mchanga na changarawe huishia, na chini yake kuna mwamba wa chokaa wa kale wenye mapango na mipasuko. Humo maji ya bahari yanapita yapendavyo, na tabaka la maji matamu haliwezi kukaa. Upana nao una neno: kisiwa chenye upana usiofika mita 250 au 300 kwa kawaida hakishiki maji matamu mwaka mzima. Ndiyo maana South Tarawa, ulio ukanda mrefu mwembamba, umetegemea hifadhi za Bonriki na Buota, sehemu zilizo pana. Tusahihishe pia jambo moja: kisima kizuri hakiwi ukingoni mwa bahari kuu. Huwa katikati ya kisiwa au kidogo upande wa ziwa, ambako mchanga ni laini na hauyaachii maji upesi.

Sasa swali la kuchimba chini. Hilo ndilo kosa linaloua visima vingi, huko na hata pwani yetu. Ukivuta maji kwa nguvu mahali pamoja, uso wa maji matamu hushuka hapo, na ya chumvi huinuka kwa chini kama koni. Shusha uso kwa sentimita 10, na ile hesabu ya 1 kwa 40 inageuka dhidi yako: chumvi inataka kupanda mita 4. Kisima kirefu basi kinaufuata ule ukanda wa chumvichumvi wenyewe. Bonriki maji huvutwa kwa njia nyingine. Huchimbwa handaki la mlalo, mara nyingi mamia ya mita, hulazwa humo bomba la PVC lenye mipasuo chini kidogo tu ya uso wa maji, hufukiwa kwa changarawe, na pampu hukaa kwenye kisima cha kati. Maji yanachotwa kwa upana, kama mtu anavyoengua tui zito juu ya sufuria bila kutibua lililo chini.

Kwa kisima cha nyumbani, chimba maji yakiwa yamepwa kabisa, na ukishaingia nusu mita hivi ndani ya maji, acha. Chota kwa ndoo au kwa pampu ya mkono inayovuta taratibu. Kiribati kuna pampu ya mabomba ya PVC inayoitwa Tamana, kwa jina la kisiwa ilikoanzia, ambayo fundi wa kijijini huitengeneza na kuirekebisha mwenyewe. Pampu ya umeme ya nguvu ya farasi moja juu ya kisima cha namna hii ni hasara tupu. Wala usiupe ulimi kazi ya kupima chumvi, maana hujizoesha. Kuna kifaa kidogo kama kalamu kinachopima maji yanavyopitisha umeme: mvua husoma makumi tu, bahari husoma 50,000 hivi, na wataalamu wa visiwa hivi hutumia maikrosimensi 2,500 kwa sentimita kama kikomo cha maji ya kunywa. Pima kila mwezi, saa ileile ya maji kujaa, uandike. Namba ikianza kupanda miezi mitatu mfululizo, punguza kuchota kabla ulimi haujakuambia.

*Wahariri wapendwa, binti yangu ni muuguzi, amepata mkataba wa miaka miwili Funafuti, Tuvalu. Ameambiwa nyumba atakayopewa ina paa la bati, gata, na tangi la lita 10,000, basi. Hakuna bomba la mtaa la kutegemea. Atakuwa na mume na watoto wanne. Maji hayo yatawatosha? Na aangalie nini siku ya kwanza?* — Mama Muuguzi, Tanga

Mama, hongera kwa binti. Maji yatawatosha wakiyapanga, na yatawaishia wakiyachukulia kama ya bomba. Funafuti hupata mvua zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Tanga. Shida ni kwamba mvua ikikatika, hakuna pengine pa kukimbilia. Tarehe 28 Septemba 2011 serikali ya Tuvalu ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame, na kaya za Funafuti zikawa zinapewa lita 40 kwa siku, ndoo mbili kwa nyumba nzima, huku mitambo ya kuondoa chumvi ikiletwa kutoka New Zealand na Australia. Ukame ule uliletwa na La Niña, ileile inayotukausha sisi vuli zetu. Kwa hiyo akisikia habari za La Niña, na ajaze kila chombo.

Hesabu ni rahisi. Watu sita kwa lita 20 kila mmoja ni lita 120 kwa siku. Tangi lililojaa litawachukua siku 83. Wakitumia lita 60 kila mmoja, siku 27 tu. Na hapo hatujaweka choo cha kuvuta. Kisanduku cha lita 9, watu sita, mara nne kwa siku, ni lita 216, karibu mara mbili ya maji yao yote ya kunywa, kupika na kuoga. Kama choo cha nyumba kinatumia maji ya tangi, hilo ndilo la kwanza kuachana nalo: wakivute kwa ndoo ya maji ya bahari au ya kisima. Bora zaidi ni choo cha mboji. Funafuti vipo, vya vyumba viwili: hutumika kimoja, kila mara unatupia makapi makavu ya makumbi au majani, na kikijaa hufungwa miezi kadhaa kiive huku cha pili kikitumika. Havihitaji hata tone la maji.

Sasa paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 10, ni lita 600, na ukitoa zinazoruka, kukauka na kuvuja, hesabu lita 480. Lakini nyumba nyingi visiwani zina gata upande mmoja tu wa paa. Hapo nusu ya maji inamwagika mchangani kila mvua inaponyesha, na mwenye nyumba analalamika kwamba tangi ni dogo. Kabla ya kununua tangi la pili, na afunge gata upande wa pili. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote: tangi huonekana na hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, gata haipigwi.

Gata yenyewe iwe na nafasi ya sentimita 1 ya mraba kwa kila mita 1 ya mraba ya paa linalomwaga humo. Upande wenye mita 30 unahitaji gata yenye tumbo la sentimita za mraba 30 au zaidi. Mteremko uwe nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea tangi. Vishikio viwe vya karibu, kila sentimita 60, maana gata ya plastiki juani hulegea katikati ya vishikio vilivyo mbali, hushika maji, na mbu huzaliana humo humo juu ya vichwa vyenu. Misumari ya kawaida kwenye hewa ya chumvi haimalizi miaka mingi, kwa hiyo tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Njia ya kukagua ni moja: mvua ikinyesha kwa nguvu, mtu atoke nje na mwavuli atembee chini ya gata nzima. Panapodondoka ataona, na panapofurika ataona. Jua likiwaka hakuna anachoweza kugundua.

Maji ya kwanza ya mvua huosha mavi ya ndege na popo, majani na kinyesi cha panya. Yasiingie tangini. Acha nusu milimita ya mwanzo ipite: kwa upande wa mita 30 ni lita 15. Funga bomba la wima kabla ya tangi, lililozibwa chini, na ndani yake mpira unaoelea. Maji machafu hujaza bomba hilo, mpira hupanda na kuziba, na yanayofuata huelekea tangini. Bomba la milimita 110 hubeba lita 8.5 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 1.8 inatosha. Kizibo cha chini kitobolewe tundu la milimita 3 hadi 5 ili lijimwage polepole na liwe tupu kwa mvua ijayo. Hapo ndipo mambo huharibika. Tundu huziba kwa takataka, bomba hubaki limejaa uchafu wa wiki iliyopita, na mvua mpya hupita juu yake moja kwa moja hadi tangini. Fungua kizibo, osha, rudisha. Dakika mbili baada ya kila mvua kubwa.

Tangi likae juu ya sakafu ya zege, kwa kuwa lita 10,000 ni tani 10. Maji ya kufurikia yasimwagike kando ya sakafu hiyo. Mchanga wa matumbawe huchimbika, sakafu hupasuka upande mmoja, tangi huinama, na kiungo cha koki hung'oka. Kila tundu liwe na wavu wa milimita 1 dhidi ya mbu, na bomba la kufurikia pia, ambalo husahaulika. Koki iwe sentimita 10 juu ya kitako ili tope la chini libaki chini. Na kama tangi ni la saruji lililojengwa zamani, wakague nyufa: yale yaliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa chumvi, nondo na waya zake hushika kutu na kupasua saruji kwa ndani. Hili mafundi wa pwani yetu wanalijua vizuri.

Mwisho, ajitengenezee kijiti cha kupimia. Apime kipenyo cha tangi, akizidishe kwa chenyewe, halafu mara 0.785. Tangi la kipenyo cha mita 2.4 lina eneo la mita za mraba 4.5, yaani kila sentimita 1 ya kina ni lita 45. Familia yake inapaswa kushusha maji kwa sentimita zisizofika 3 kwa siku. Kisha jaribio la usiku: baada ya magharibi wafunge koki zote, watie alama ya chaki kwenye kijiti palipo na maji, na wapime tena alfajiri. Yakiwa yameshuka, pana pavujapo. Koki inayodondoka tone moja kila sekunde huondoka na lita 20 hivi kwa siku, sehemu nzima ya mtu mmoja. Tangi likifika nusu, nguo zifuliwe kwa maji ya kisima. Likifika robo, ni kunywa na kupika tu.

*Kwani madafu hayatoshi? Visiwa hivyo si vimejaa minazi?* — Msomaji, Pemba

Dafu moja hutoa bilauri moja au mbili za maji. Mtu mzima kwenye joto lile anahitaji lita 2 hadi 3 kwa siku, basi ni madafu sita au zaidi kwa mtu, na kwa familia ya watu sita karibu 40 kila siku. Hakuna shamba la nyumbani litakalostahimili hilo kwa mwezi, na kila dafu lililoanguliwa ni nazi moja isiyofika jikoni. Ukame ukiwa mrefu mnazi nao huzaa madogo, kisha huangusha vitale. Kwa siku chache za dharura dafu ni neema, kwa sababu maji yake ni safi mpaka litobolewe. Wenye maradhi ya figo wasilitegemee, lina potasiamu nyingi.

*Kisima chetu hapa Unguja kipo mita 12 kutoka karo la jirani, ardhi ni ya matumbawe. Mlisema Tarawa walipata kipindupindu kwa sababu ya visima. Tufanye nini? Klorini kiasi gani?* — Msomaji, Unguja

Kipindupindu kiliingia Tarawa mwaka 1977, na baada yake ndipo ukajengwa mfumo wa mabomba ya maji kutoka kwenye hifadhi, na wa maji taka unaovutwa kwa maji ya bahari. Sababu ni ardhi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, maji ya choo hutembea polepole na vijidudu hufa njiani. Kwenye mchanga wa matumbawe na mwamba wenye matundu hukimbia, mara nyingine makumi ya mita kwa siku. Ile sheria ya mita 30 kati ya choo na kisima imetungwa kwa udongo mwingine. Mita 12 kwenye matumbawe msizihesabu kuwa ni umbali. Chukulieni kisima hicho kuwa ni cha kufulia na kuogea, maji ya kunywa yatoke kwingine au yatibiwe kila siku. Banda la nguruwe visiwani Pasifiki, na zizi la ng'ombe kwenu, lina hatari ileile, na zaidi huleta naitreti, ambayo humdhuru mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Naitreti haitoki kwa kuchemsha. Wala chumvi. Kuchemsha huzidisha vyote viwili, kwa kuwa maji hupungua na vyenyewe hubaki.

Visiwani hutumika kipimo cha bei nafuu: kichupa chenye kipande cha karatasi kilichotiwa dawa. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali penye joto siku moja hadi tatu. Yakigeuka meusi, yaelekea kuna uchafu wa kinyesi. Hakihitaji maabara wala umeme, joto la nchi zetu linatosha.

Kiasi cha klorini kwa tangi: miligramu 5 kwa lita. Kwa kila lita 1,000 hiyo ni mililita 100 za jiki ya asilimia 5, isiyo na manukato, au gramu 7 za klorini ya unga ya asilimia 70. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki iliyokwisha tiwa maji. Tia unga kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Mimina, koroga, subiri saa 24. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, mililita 1 ya jiki hiyo, koroga, subiri nusu saa, na harufu kidogo ya klorini ibaki. Isiposikika kabisa, rudia kipimo. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, tope hula klorini. Na tazameni tarehe ya chupa: jiki iliyokaa dukani chini ya bati mwaka mzima imepoteza nguvu, hata kama harufu ingalipo. Msitumie vidonge vya bwawa la kuogelea. Kwa mtoto mchanga na mgonjwa aliyedhoofika, chemsheni maji yasiyo na naitreti, kwa sababu kuna vijidudu vinavyostahimili klorini.

*Bahari ikipanda na kufunika kisima, kinapona?* — Msomaji, Mafia

Kinapona, kwa subira. Kimbunga Percy kilipopiga kisiwa cha Pukapuka, Visiwa vya Cook, mapema mwaka 2005, bahari ilipita juu ya ardhi na kuingia mashimo ya kulimia magimbi. Vipimo vilionyesha kwamba maji ya juu yalirudi kufaa kunywewa baada ya miezi 11 hivi, na chumvi ya chini ilikawia zaidi. La kufanya kwanza ni kuondoa maji ya chumvi yaliyotuama kwenye mashimo na mabonde siku hiyohiyo, kwa kuchimba mfereji kuelekea baharini, kwa sababu ndiyo yanayoendelea kuzama. Kisima toeni takataka na mizoga, choteni taratibu mara chache, kisha kiacheni. Wenye haraka huleta pampu wakakausha kisima mara kumi ili "wasafishe". Wanachofanya ni kuivuta chumvi iliyo chini na kuongeza miezi ya kusubiri. Mvua ndiyo itakayosafisha.

*Hapa Muscat tunakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na maisha yanaendelea. Kwa nini visiwa hivyo visifanye vivyo hivyo, mambo yakaisha?* — Msomaji, Muscat

Vinafanya. Nauru, ambayo zamani ililetewa maji na meli zilizokuja kuchukua fosfeti, leo inategemea sana mitambo hiyo pamoja na mvua ya paa. Kwa South Tarawa, mradi ulioidhinishwa mwaka 2019 unahusu mtambo wa lita milioni 4 kwa siku. Ila Oman ina mafuta, gesi, mafundi na bandari kubwa. Mtambo huyasukuma maji ya bahari kwenye utando unaozuia chumvi, kwa mgandamizo wa bari 55 hadi 70, na tairi la gari lina bari 2 tu. Katika lita 100 zinazoingia, 35 hadi 40 ndizo zinazotoka matamu. Dizeli huja kwa meli. Pampu ya mgandamizo ikifa, kipuri chake kinaweza kuchukua miezi.

Kinachoua mitambo midogo zaidi ni kusimama. Mtambo ukizimwa mvua ziliporudi, bila kusuuzwa kwa maji matamu na kutiwa dawa ya kuhifadhi utando, viumbe vidogo huota ndani yake na utando huharibika. Ukame unaofuata unawakuta watu na kontena lililofungwa kufuli lisilotoa hata ndoo moja. Anayepeleka mtambo kwenye kisiwa cha watu 300 amlipe na fundi wa kuuwasha kila wiki hata mvua ikinyesha. Maji ya kuingiza yavutwe kutoka kisima cha ufukweni, ambako mchanga umeshayachuja, si moja kwa moja kutoka kwenye ziwa lenye tope. Majuro, katika Visiwa vya Marshall, wana jambo jingine la kupendeza: mvua inayonyesha juu ya njia ya ndege ya uwanja wao huelekezwa kwenye mabwawa, na mji hunywa kutoka humo.

*Sisi Ngazidja tunakunywa maji ya mvua kwenye birika za nyumbani, yaani matangi ya kuhifadhia maji. Karthala ilipotoa majivu mwaka 2005 birika zilichafuka. Tonga walifanyaje mwaka 2022?* — Msomaji, Moroni

Volkano ya Hunga Tonga ililipuka tarehe 15 Januari 2022, na majivu yakaangukia mapaa yanayojaza matangi ya watu. Kanuni inayofaa kwenu pia ni kutenganisha bomba la paa na birika mara tu majivu yanapoanza kuanguka, au hata mlima unapoanza kutikisika. Fundi aweke kiungo kinachong'oka kwa mkono, bila gundi. Majivu yakiisha, fagieni paa likiwa kavu, mkiwa na barakoa na ngazi iliyoshikwa na mtu, maana majivu huteleza. Mkianza na maji, majivu hugeuka matope na kuziba gata. Kisha mvua mbili ziachwe zipite chini. Majivu yaliyokwishaingia huzama, kwa hiyo msikoroge, choteni juu. Maji yakiwa na ladha ya uchachu au ya chuma, msinywe mpaka yapimwe: asidi ya majivu hula zinki ya bati na risasi ya viungo vya zamani, na kuchemsha hakuondoi.

*Paa la makuti linavunwa?* — Msomaji, Kilwa

Kwa kufulia, ndiyo. Kwa kunywa, hapana: maji hutoka ya rangi ya chai, yana uozo wa majani na wadudu, na klorini yote huishia humo. Watu wa Pasifiki waliezeka kwa majani karne nyingi na hawakutegemea paa. Tokelau walichonga matundu kwenye mashina ya minazi ili mvua inayoteremka shinani ikusanyike humo. Kwako, funga turubai safi la mita 4 kwa 5 kwenye miti minne, upande mmoja uwe chini na kona moja iwe chini zaidi. Mvua ya milimita 10 itakupa lita 160 hivi. Dakika tano za mwanzo acha zimwagike, kisha weka pipa, na mdomo wa pipa ufunge kwa kipande cha chandarua. Mvua ikiisha, lianue turubai, likunje likauke, kwa sababu jua likilipiga kila siku halimalizi mwaka.